Mwenye Sauti Alete Karatasi

Wakaguzi waliingia saluni saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, mwalimu wa hesabu akiwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa. Walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume, vitambulisho vikining'inia shingoni, na wote walikuwa na ule upole wa mtu aliyekwisha kuamua atakachokufanya. Walisimama mlangoni wakausikiliza wimbo uliokuwa ukitoka kwenye redio ya kaseti. Kisha mwanamke akafungua daftari.

"Mwenye duka ni nani?"

"Mimi," alisema kinyozi. "Karibuni. Mbele yenu kuna watu wawili tu."

"Hatukuja kunyoa. Huu muziki una kibali?"

Kinyozi alidhani anataniwa. Alicheka, akaipuliza mashine yake nywele. "Huu? Tangu sijaota ndevu ninao."

"Mzee, unapiga muziki mahali pa biashara. Nyimbo za bendi hii ni mali ya kampuni. Kila mwenye saluni, mkahawa au duka anatakiwa kulipia ada ya mwaka. Wewe hujawahi kulipa hata mara moja."

"Kampuni ipi tena? Hii ni bendi ya kiwanda cha nguo." Akanyoosha mashine kuelekea kwenye benchi. "Mwenye wimbo yule pale kaketi. Muulizeni kama ananidai."

Watu wote waligeuka. Kwenye benchi alikuwepo mzee mrefu, mkavu, shati limefungwa vifungo mpaka cha shingoni, kichwa kinang'aa hakina unywele. Enzi zake alikuwa mwimbaji wa mbele wa bendi ile, na watu walimpachika jina la Kengele kwa sababu sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka geti la nje. Alinyanyua mkono taratibu, kama alivyozoea jukwaani.

"Simdai," alisema. "Labda yeye ndiye anayenidai mimi, maana kila Jumamosi ananinyoa ndevu bure."

Saluni nzima ikacheka. Wakaguzi hawakucheka.

"Mzee una karatasi?" aliuliza yule mwanamume.

"Karatasi gani, mwanangu?"

"Ya kuonyesha kwamba nyimbo ni zako."

"Sikiliza hiyo redio. Hiyo sauti ni yangu, nimezaliwa nayo."

"Sauti si karatasi, mzee."

Hapa lazima lisemwe jambo ambalo wakaguzi hawakulisema, pengine nao hawakulijua. Kiwanda kilipofungwa, mali yake ilipigwa mnada kwa siku mbili. Siku ya kwanza ziliuzwa mashine za kufumia, kwa kilo, kama vyuma chakavu. Siku ya pili viliuzwa viti vya kantini, masufuria, feni, magitaa matatu, tarumbeta moja iliyobonyea, na sanduku la kanda za studio. Aliyenunua sanduku akamuuzia mwenzake, mwenzake naye akamuuzia mwingine, mpaka kampuni moja ikawa ndiyo mmiliki wa nyimbo zote ambazo watu walizitunga baada ya zamu, migongo inauma na mavumbi ya pamba yangali kwenye nyusi. Hakuna mwanamuziki aliyeulizwa. Viti vya kantini navyo havikuulizwa.

Lakini kanda za kinyozi hazikutoka kwenye sanduku hilo. Kabla ya kuwa kinyozi alikuwa mfumaji, mashine namba thelathini na mbili, na kila Jumamosi bendi ilipopiga kwenye ukumbi wa kiwanda alikuwa akiweka kinasa sauti chake kidogo chini ya spika, akakilinda kama mtu anayelinda mtoto mchanga sokoni. Studio walirekodi dakika tatu za kila wimbo, basi. Ukumbini wimbo ulikwenda robo saa, na magitaa yakishapamba moto Kengele aliacha maneno akaanza kuwasalimu wafanyakazi. Hakutaja majina. Majina meneja aliyapiga marufuku baada ya salamu moja kumjulisha mke fulani mumewe alikuwa ukumbini na nani. Kwa hiyo Kengele aliwaita kwa namba za mashine zao, na mpaka leo kinyozi kwake ni Namba tu. Namba kumi na saba, mama anaendeleaje? Namba hamsini, baiskeli ya watu utairudisha lini? Ukumbi ulikuwa ukilipuka kwa kicheko, na kinasa sauti kilichukua vyote. Wengi wa namba hizo sasa wamekufa. Walikuwa wamebaki kwenye kanda arobaini na moja, ndani ya boksi la sabuni, chini ya kioo cha saluni.

Wakaguzi walilichukua boksi. Wakachukua redio. Kinyozi alipowaambia kwamba kanda hizo hazikununuliwa popote, alizirekodi yeye kwa mkono wake, yule mwanamke akatikisa kichwa kwa huruma.

"Hapo ndipo umejimaliza, mzee. Kurekodi bila ruhusa ni kosa kubwa kuliko kupiga."

Na kwa kuwa waya wa umeme ulikuwa umeunganishwa na redio, waliuchukua pia, kama kifaa kilichotumika katika kosa. Mashine ya kunyolea ikazimika mkononi mwa kinyozi. Mwalimu wa hesabu akajitazama kwenye kioo, upande mweupe na upande mweusi.

"Na mimi je?" aliuliza. "Jumatatu nina kidato cha pili."

Kinyozi alitafuta mkasi, akakata vibaya hata mwalimu akasema basi, atavaa kofia.

*

"Kwa hiyo mke mwenzangu kakamatwa," alisema mke wa kinyozi alipopewa habari. Hivyo ndivyo alivyoiita bendi ile tangu harusi yao, kwa utani ambao ndani yake mlikuwa na chembe ya ukweli. Alikuwa kwenye cherehani, anashona foronya. Kisha akamtazama mumewe usoni, akaacha kukanyaga. "Pole, baba. Jumatatu tutakwenda wote."

Ofisi ya kampuni ilikuwa na vioo pande zote na bango kubwa lililoandikwa MTEJA NI MFALME. Mfalme alikaa kwenye benchi na mkewe tangu saa mbili mpaka saa saba. Watu waliokuja nyuma yao wakiwa wamevaa tai walipita mbele. Mara mbili mke wa kinyozi alisimama kuuliza, na mara mbili aliambiwa asubiri kuitwa. Hata maji ya kunywa yaliyokuwa pale pembeni aliambiwa ni ya wafanyakazi.

Walipoitwa, karani aliyewapokea alikuwa kijana mtanashati mwenye adabu zote za mdomoni.

"Shikamoo mzee wangu. Shikamoo mama."

"Marahaba," walijibu.

Alisikiliza mpaka mwisho, akaandika, akauliza swali moja tu. "Huyo mzee mwimbaji bado yu hai kweli?"

"Juzi alikuwa kwenye benchi langu," alisema kinyozi.

"Basi mleteni Jumatano. Mwenye sauti akija mwenyewe, mambo yatakuwa mepesi."

"Na kanda zangu?"

"Ziko stoo, mzee. Hapa hakipotei kitu."

Wakatoka wamefarijika, na hilo ndilo linalotia uchungu kulikumbuka. Njiani kinyozi alimsifia yule kijana kwa malezi mema. Mkewe alisema hapendi mtu anayeuliza kama mwenzake yu hai kabla ya kuuliza kama ni mzima.

*

Jumatano Kengele alikuja amevaa koti la bendi. Lilikuwa limepauka mabegani na mkono mmoja ulikuwa umeshonwa, lakini alikuwa amelipiga pasi. Karani alimpa kiti, akamwita gwiji, akampiga picha kwa simu. Kisha akatoa karatasi kwenye droo. Haikuandikwa siku hiyo, ilikwisha kujikunja pembeni kwa kukaa.

"Ni sahihi tu, gwiji wetu. Ukitia sahihi hapa, mzee anabeba kanda zake leo leo."

"Lete niione," alisema mke wa kinyozi.

Kule kiwandani kazi yake ilikuwa kukagua kasoro. Kitambaa kilipita mbele yake kwa saa nane kila siku, naye kidole kikitembea juu yake kutafuta uzi uliokatika. Sasa alikipitisha kidole hicho kwenye karatasi, mstari kwa mstari, na alipofika katikati kikasimama.

"Sikilizeni," alisema, akasoma kwa sauti. "'Nakiri kwamba sauti yangu katika nyimbo zote, zilizokwisha kurekodiwa na zitakazopatikana baadaye, ni mali ya kampuni, na kwamba mimi, wanangu na wajukuu wangu hatutadai chochote.'"



"Mlisema nyimbo ni zenu," alisema kinyozi.

"Ni zetu, mzee."

"Kama ni zenu, mnamwomba sahihi ya nini?"

"Ni kuthibitisha tu."

"Unathibitisha shati lako kwa jirani? Sema ukweli, kijana. Hamna karatasi ya huyu mzee na hamjapata kuwa nayo. Mmenyakua kanda zangu mpate kumkamua yeye."

Karani alianza kupanga kalamu zake, ya bluu na ya bluu, ya nyekundu na ya nyekundu. "Mzee, naomba tusipandishe sauti ofisini."

Kengele alinyoosha mkono akachukua kalamu moja kati ya zile zilizopangwa. Kinyozi alikiweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Usitie, kaka. Kanda na zibaki. Hawa hawatakupata kwa ajili yangu."

Akamshika Kengele mkono, akamnyanyua, akatoka naye kifua mbele kama mtu aliyeshinda kesi.

*

Nje, kwenye ngazi, Kengele aliuvuta mkono wake.

"Nani alikutuma?"

Kinyozi hakuelewa. "Nimekulinda, kaka. Wamekula jasho lako miaka yote hii, na leo wanataka…"

"Jasho walishakula, Namba! Limeisha!" Sauti ilimkwama, akakohoa mpaka mke wa kinyozi akamshika mgongo. "Unajua mimi sasa hivi nikimwita paka wa nyumbani haji? Hanisikii. Mimi sauti yangu haipo kooni tena. Ipo kwenye boksi lako la sabuni, wala hakuna pengine. Hizo za studio walitukatakata kama mche wa sabuni. Mimi nilipokuwa mimi, nilikuwa pale ukumbini."

"Lakini haki yako…"

"Ulidhani kila Jumamosi nakuja kunyoa? Nywele sina, na ndevu hata nyumbani ningenyoa. Nakuja kujisikia! Wewe unaipenda bendi, nashukuru. Mimi ndiyo bendi. Usinichagulie."

Akashuka ngazi peke yake, akishikilia ukuta, ndani ya koti lake lililopigwa pasi. Kinyozi alitaka kumfuata, mkewe akamzuia.

"Mwache," alisema. "Leo umempenda vibaya."

Kinyozi hakula siku hiyo. Alikuwa mtu mzima, ana wajukuu wawili, na alikuwa amefundishwa jambo ambalo alipaswa kulijua tangu akiwa kijana chini ya spika. Hasira yake kwa kampuni haikupungua hata kidogo. Iliongezeka, kwa sababu sasa ilikuwa imemgombanisha na mtu aliyempenda kwa zaidi ya nusu ya umri wake.

*

Alhamisi asubuhi waliongozana kwenda kumwomba radhi. Mwenye nyumba aliwaambia mzee ametoka mapema na kikapu kitupu mkononi, akiwa na furaha, hata chai hakunywa.

Wakaenda ofisi ya kampuni, wakamkuta mapokezi. Kichwani alikuwa amevalishwa kofia ya kampuni, imemzidi imeshuka mpaka masikioni. Mkononi alikuwa na bahasha ndogo ya nauli na kikaratasi cha kuchukulia mzigo.

"Nimetia," alisema, na akatabasamu kama mtoto aliyefaulu mtihani. "Usinune, Namba. Nimetia kwa akili zangu zote. Twende stoo tukabebe watu wetu."

Kinyozi hakununa. Alichukua kikapu akakibeba yeye.

Mtunza stoo alikuwa mtu wa makamo mwenye koti la kazi la kijivu. Alikisoma kikaratasi, akafungua kitabu chake, akafuata mistari kwa peni, akakisoma kikaratasi tena.

"Hizi ni zile za saluni? Za Jumamosi?"

"Hizo hizo," alisema Kengele. "Boksi la sabuni."

"Hizo zilichomwa Jumanne, baba."



"Kanda tunachoma kila Jumanne," alieleza mtunza stoo, kwa sababu nyuso zao zilimtisha. "Kule nyuma, kwenye pipa. Redio tunaziweka, redio zipo, yenu hii hapa. Kanda hazikai, zinajaza nafasi."

"Jumanne ipi?" aliuliza mke wa kinyozi.

"Hii ya juzi, mama."

"Jana ilikuwa Jumatano. Jana tulikuwa hapo juu, tukaambiwa akitia sahihi tu anazibeba. Na huyu katia sahihi leo."

Mtunza stoo alifunga kitabu. "Wa juu hawaulizi stoo," alisema, na aibu ilionekana usoni mwake, ndogo lakini ya kweli. Ndiyo aibu pekee waliyoiona katika jengo lile.

Kengele alikuwa bado anatabasamu. Neno lilikuwa limefika masikioni lakini lilikuwa halijashuka. Alikichukua kikapu kwa kinyozi, akakiweka juu ya meza.

"Basi nipe hizo zilizobaki," alisema.

"Hakuna zilizobaki, baba."

"Hata moja? Labda moja ilidondoka."

Mtunza stoo aliinama akatazama chini ya meza. Alijua hakuna kitu, lakini aliinama, akatazama, akachukua muda wake. Aliponyanyuka alitikisa kichwa tu.

*

Walipanda juu tena. Kengele alipanda ngazi zile kwa shida, kinyozi upande huu na mkewe upande ule. Karani aliwaona wakija, akashika simu, akaiweka.

"Mimi na stoo ni idara mbili tofauti," alisema kabla hajaulizwa.

"Basi rudisha karatasi," alisema mke wa kinyozi. "Mlimwahidi kanda, kanda hakuna. Rudisha karatasi yake tuondoke."

"Imekwenda makao makuu, mama."

"Imekwenda kwa miguu au kwa gari? Saa nzima haijapita."

"Imetumwa kwa kompyuta. Ikishatumwa, imetumwa." Akashusha sauti, akawa mpole kuliko siku zote. "Poleni sana, kwa kweli. Nitaandika malalamiko yenu. Ila kuna kitu kimoja kidogo, gwiji wetu atusaidie." Akasogeza daftari kubwa mbele ya Kengele, kidole kikiwa juu ya mstari mtupu. "Sahihi hapa, kwamba umefika na umehudumiwa. Bila hiyo faili halifungwi."

Umehudumiwa! Wamechukua sauti ya mtu pamoja na haki ya wajukuu wake, wamechoma marafiki zake wote kwenye pipa, wamempa kofia, halafu wanamwomba aandike kwamba amehudumiwa. Kuna matusi ambayo hayana neno chafu hata moja ndani yake.

Kinyozi aliukunja mkono wake, akaukunjua. Alitaka kulipasua daftari lile vipande. Badala yake akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mzee.

"Kaka," alisema. "Unatia?"

Kengele aliivua kofia, akaiweka juu ya daftari. Juu ya kofia akaiweka bahasha ya nauli.

"Sitii," alisema.

"Sasa mzee," alisema karani, "mimi faili nitalifungaje?"

"Lisifungwe," alisema mke wa kinyozi.

Akavuta kiti, kile cha wageni wa tai, akamkalisha Kengele. Akavuta cha pili akakaa yeye. Kinyozi alichukua cha tatu. Karani aliwaambia viti vile ni vya wenye miadi. Aliwaambia pia kwamba kuna watu wengine wanaohitaji huduma, na kwamba yeye angekuwa baba yao asingependa kuwaona hivi, kisha akajirekebisha, akasema angekuwa mtoto wao. Watu waliokuwa kwenye benchi waliulizana kuna nini, na mke wa kinyozi akawaeleza, taratibu, bila kupandisha sauti, tangu mwanzo. Alipomaliza, kila aliyeingia alielezwa upya na wale waliotangulia.

Saa kumi na moja mlinzi alikuja na funguo. Benchi lilikuwa limejaa, na hakuna aliyeonyesha dalili ya kuondoka.

"Wazee wangu, tunafunga," alisema.

Kengele aligeuka akamtazama. Sauti iliyotoka kooni mwake ilikuwa nyembamba, imekwaruza, wala isingefika getini. Lakini ofisi ilikuwa imenyamaza kabisa, na kila mtu aliisikia.

"Fungeni. Sisi tumo."